Mkwe wa Miwani Nyeusi

Katika nyumba yetu mimi ndiye mjuzi wa tamthilia, na pengine katika mtaa mzima. Tangu mwaka jana hakuna iliyonipita: ile ya kiwanda cha manukato, ile ya mapacha waliobadilishwa wodini, na ile ya mwanasheria aliyemwoa mshtakiwa wake. Zote nimezitazama mwanzo mpaka mwisho. Niseme vizuri: mwanzo na mwisho. Katikati huwa nasinzia, kisha najazia mwenyewe, na mara nyingi ninayojazia mimi huwa matamu kuliko waliyotengeneza wao.

Mchezo huo niliuanza mume wangu alipofariki. Marehemu alikuwa mtu wa kukoroma, na ukishazoea kulala jirani na mashine ya kusaga, siku ikizimwa hupati usingizi. Nikawa nawasha runinga ili nyumbani kuwe na mtu wa kubishana naye. Kisha mwenye nyumba akaitaka nyumba yake. Nikafunga virago, nikahamia kwa mwanangu wa pili, fundi wa friji, mtu mpole ambaye maishani mwake amegombana na friji tu. Mke wake anauza kwenye duka la dawa. Mtoto hawajajaliwa bado, na hilo halikuhusu wewe unayesoma, wala mimi halinihusu, ingawa nimeshawauliza mara kadhaa.

Nilipewa chumba cha nyuma chenye vitanda viwili. Kimoja nikalalia, cha pili nikawekea nguo, nikajiona malkia. Hata mwezi haukuisha, akaja yeye.

Yeye ni mama mzazi wa mkamwana wangu. Alishuka kwenye teksi na miwani nyeusi, fimbo iliyozungushiwa selotepu, na mto wake mwenyewe, kana kwamba mito yetu ina upele. Macho, akasema, yamekwisha. Mtoto wa jicho, kulia na kushoto. Anaona ukungu tu.

"Umekwenda hospitali, mkwe?" nikamuuliza, maana adabu ninayo, huwa naanza nayo.

"Jicho la mzee halichokonolewi."

"Siku hizi wanachokonoa, na watu wanarudi wanasoma gazeti."

"Basi nenda wewe, labda utajifunza kusoma."

Kusoma najua. Nilifika darasa la saba na vitabu nilirudisha vyote. Nasogeza midomo kidogo, basi. Lakini yeye alijuaje kwamba nasogeza midomo, kama anaona ukungu? Hilo lilinijia baadaye, nikiwa nimelala kwenye kitanda kibaya, kwa sababu kile cha dirishani alikuwa ameshakichukua.

"Asiyeona anataka dirisha la nini?" nikamwambia gizani.

"La hewa. Na ukijigeuza polepole nitashukuru, kitanda chako kinapiga kelele kama mwenyewe."

Ile fimbo ilikuwa na akili zake. Kila asubuhi akielekea msalani iliniangukia mguuni, kidole kidogo cha kushoto, kile chenye sugu. Nikihamisha mguu, inahama nao. Nikamfuata mwanangu kibarazani, kichwa chake kikiwa ndani ya friji la mtu, nikamuuliza: asiyeona gani huyu anayelenga shabaha?

"Mama, naye ni mzazi," akasema humo humo ndani ya friji.

Mwanangu huyo ukimwambia nyumba inaungua, atakujibu kwamba moto nao una haki zake.

Basi siku moja mkamwana akaniita jikoni. Mimi ananiita mama mkwe, kwa heshima iliyopimwa kwa kijiko cha dawa.

"Mama mkwe, wewe Mungu kakujalia macho. Mama anapenda tamthilia kuliko kitu chochote, ila ndiyo hivyo. Kaa naye jioni, umsimulie kinachoonekana. Nitashukuru."

Ningekataaje? Nilikuwa nakula kwake.

Tamthilia yenyewe ilikuwa ile ya manukato, saa kumi na moja jioni, mkamwana akiwa bado dukani. Anarudi saa moja, anavua viatu mlangoni, na kabla ya salamu anauliza: "Kidevu kafanya nini leo?" Kidevu ni jina nililompa mimi yule kijana mrithi wa kiwanda. Jina lake hasa linataka ulimi wa kuazima. Ana kidevu kama ncha ya jembe, na wanawake wote wa nyumba ile tulikuwa tumempenda, hata huyo wa ukungu. Adui yake ni mama wa kambo, ambaye nilimwita Mama Lulu kwa sababu ya mkufu wa lulu asiouvua hata akienda kuoga.

Watu wale wametoka mbali, lakini wametiwa sauti za Kiswahili, kwa hiyo maneno mkwe aliyasikia mwenyewe. Kazi yangu ilikuwa pale wanaponyamaza. Na wananyamaza, jamani. Mtu anasimama dirishani, kinanda kinalia, anageuka, anautazama mlango, kinanda kinalia tena. Unaweza kwenda kuanua nguo na kurudi ukamkuta bado anautazama.

"Sasa anafanya nini?" mkwe ananiuliza.

"Anaangalia mlango."

"Anauangaliaje?"

"Kwa macho. Au umesahau wanavyofanya?"

"Unasimulia kama unataja bei za nyanya. Wenzako wana kipaji, wewe una mdomo tu. Ndiyo maana marehemu alikuwa anawahi kulala."

Hilo la marehemu nililiweka pembeni, jinsi mtu anavyoweka kisu.

Sasa, Jumapili mwanangu huleta filamu kwenye flashi, zile zilizotiwa maneno na mtafsiri, kijana mmoja anayeongea juu ya picha tangu mwanzo mpaka mwisho bila kumeza mate. Shujaa analia kwenye mvua, kapiga magoti, na huyo mtafsiri anatuambia analia kwa sababu mke kaondoka na chaja. Watu wanacheka, na hakuna anayedai ukweli. Nikatafakari. Kumbe filamu si ya aliyeitengeneza. Filamu ni ya anayesimulia.

Kesho yake Kidevu aliingia hospitali kumwona mchumba, na maua meupe mkononi, suti imenyooka, ametulia kama picha ya kalenda. Kinanda kikaanza. Mkwe akaninyooshea sikio.

"Kaingia," nikasema. "Suruali imechanika nyuma. Manesi wanachungulia."

Shavu la mkwe likaruka.

"Nini, mkwe?"

"Inzi."

"Hamna inzi humu."

"Yupo. Anaongea."

Na akanikata jicho. Kwa chini ya miwani, lakini mimi nimekatwa macho tangu utoto, nalijua jicho linapopita. Ukungu haukati.

Kuanzia siku hiyo nikawa natazama runinga kidogo na shavu la mkwe zaidi. Nilimpa Kidevu pengo. Nilimpa Mama Lulu ndevu tatu na bega lililoteguka. Mchumba nikasema amenenepa mpaka kitanda cha hospitali kimepinda. Yale makubwa sikuyagusa, maana jioni mkamwana alitaka habari kamili na mimi nilimpa zilizo sawa. Niligusa hayo madogo tu, ya kumwasha mtu asipoweza kujikuna. Mkwe aliyameza yote. Usiku nilimsikia akijigeuzageuza kwenye kitanda changu cha dirishani, nami nikalala kama mtoto.

Msiniambie kwamba nilikuwa mkatili. Alikuwa amefiwa kama mimi, na nyumba yake kama yangu ilikuwa imekwenda. Mtu wa namna hiyo akiona kwamba kwa miwani tu anapewa kitanda kizuri, anakatiwa kucha na anaulizwa kila saa kama amekula, ataivua ya nini? Nilimwelewa vizuri sana. Kumwelewa mtu hakujawahi kunizuia kumchukia.

Ndipo mwanangu akapata kazi. Ghala la barafu nje ya mji lilimtaka awe fundi wao, mshahara wa kueleweka, na nyumba juu. Nyumba ina vyumba viwili. Kimoja chao, cha pili cha mzee mmoja.

Mmoja. Alilisema hilo akiwa anatazama bisibisi yake.

"Atakayekosa chumba," akasema, "kama ni mama mkwe, ataenda kwa kaka yake. Kama ni wewe mama, utaenda kwa kaka yangu mkubwa. Tutaongea Ijumaa jioni, wote tukiwepo, tuelewane."

Kwa kaka yake mkubwa. Huyo nilimzaa mimi, na sijui nilikula nini mimba ile. Nyumbani kwake hakuna runinga. Anasema runinga ni dirisha la shetani, na madirisha yake yote ameyatia nondo. Saa mbili usiku taa zimezimwa, na mkewe anaongea kwa kunong'ona, kama anayeficha mgonjwa. Pale ningeketi kitini na kimya changu mpaka nimfuate marehemu. Na hata huko, nina hakika, ningemkuta ananisubiri huku anakoroma.

Uamuzi tuliujua kabla ya Ijumaa. Nani atamtupa asiyeona, ambakishe mwenye macho? Mkwe mwenyewe aliujua. Alianza kupanga nguo zake huku anaimba, na rangi zote alizitenga vizuri, nyekundu na nyekundu, kijani na kijani.

"Mwanangu," nikamwambia fundi wangu, "huyu anaona. Njoo uangalie alivyopanga nguo."

"Mama, anazijua kwa kupapasa. Usianze. Ukisema hivyo tena mke wangu ataumia, na mimi nitaona aibu."

Nikamtegea. Niliacha mlango wa chumba nusu wazi, ukingo ukimwelekea, nikakaa kitandani kusubiri auzunguke. Alikuja. Akasimama. Nikaona anavuta pumzi. Kisha, wallahi, alikwenda akaupiga ule mlango kwa paji la uso, kwa hiari yake, kama beberu. Nyumba nzima ilisikia.

Mkamwana akaja mbio. "Nani kaacha mlango hivi?"

"Mwache mkwe wangu," akasema yule mama, mkono kwenye nundu. "Labda alisahau. Labda."

Mkamwana aliniangalia tu, kisha akamfuta mama yake uso kwa kitambaa cha maji baridi. Chakula cha usiku ule nilipakuliwa mwisho. Nilimvulia mkwe kofia moyoni, nikaivaa tena haraka.

Ijumaa ikafika. Saa kumi na moja tulikaa vitini, mimi na yeye, peke yetu, kama watu wawili wanaosubiri kupimwa damu. Hatukusalimiana.

Siku hiyo Mama Lulu alikuwa amekata shauri. Alitia unga fulani kwenye kikombe cha kahawa, akamwita mtumishi, akamwambia kwa sauti kila mtu asikie: "Mpelekee kijana wangu, mwambie nimemtengenezea kwa mikono yangu." Hayo mkwe aliyasikia. Kikombe kikaletwa, Kidevu akabaki peke yake chumbani, na kinanda kikaanza. Hapakuwa na neno hata moja kuanzia hapo. Kidevu alikinusa kikombe. Akautazama mlango. Akainuka taratibu, akaenda kwenye chungu cha maua ya njano karibu na pazia, akamwaga kahawa yote. Na maua yakaanza kunyauka, moja baada ya jingine, kutoka chini kwenda juu, mpaka la mwisho likainamisha kichwa. Wametengeneza vizuri sana pale, lazima niseme. Kisha Mama Lulu akaingia.

"Umemaliza, mwanangu?"

"Nimemaliza, mama."

Wimbo ukapigwa, majina yakaanza kupanda.

Anayesikia tu angeamini nini? Kwamba kanywa. Na mimi wakati wote huo sikuwa nimekaa kimya.

"Anakunywa," nilikuwa nikisema. "Anakunywa. Kameza. Kakipindua kikombe, kamaliza mpaka machicha." Na wimbo ulipoanza: "Anatikisika. Kaanguka chini. Povu, mkwe. Povu jeupe. Kidevu kimepinda upande. Amekwenda."

Mkwe alikuwa ameshika mikono ya kiti mpaka vifundo vimeng'aa.

"Masikini," akasema, meno kayabana.

"Kafa vibaya," nikamwambia.

"Nimesikia."

"Nirudie?"

"Nimesema nimesikia."

Saa moja mkamwana akaingia. Mwanangu alikuwa ameshaoga na kuvaa shati la kola, la mikutano, na tukajua kwamba maongezi yamefika. Wakakaa. Mkamwana akavua viatu, akasugua nyayo.

"Kabla hatujaanza mambo yetu," akasema, "nipoozeni moyo kwanza. Kidevu kafanya nini leo?"

Nikamwambia. Sikumficha kitu nilichobuni. Kikombe, machicha, povu, taya. Nilimlaza Kidevu chini, nikamfunika. Nilisema kwa huzuni, na nusura nilie mwenyewe.

Mkamwana akaokota kiatu kimoja. "Kafa kweli?"

"Mdomo wazi."

"Basi mimi na tamthilia tumekwisha," akasema. "Mwaka mzima nafuatilia mtu, halafu wanamuua kwa kahawa. Kile king'amuzi kirudisheni. Nilikuwa nakilipia kwa ajili ya yule kijana tu."

"Na runinga nayo tusiihamishe," mwanangu akadakia, amefurahi kupata jambo la kukubaliana nalo kabla ya yale mazito. "Kule nyumba ni ndogo. Kuna fundi mwenzangu anaitaka, kesho asubuhi anakuja kuichukua."

Hilo sikuwa nimelipangia. Nilimtazama mkwe. Na yeye, nadhani, alikuwa anakitazama kile chumba alichokwisha kukipata: kitanda, dirisha, miwani, na ukuta mtupu. Chumba alikuwa nacho mkononi. Alichotakiwa ni kunyamaza tu mpaka mwanangu akohoe na kusema.

"Hakufa," mkwe akasema.

Mkamwana akageuka. "Nini, mama?"

"Kidevu hakufa. Huyu mwanamke ni mwongo, mwongo wa kuzaliwa. Tangu nimekuja ananidanganya, kamchania kijana wa watu suruali, kampa pengo. Hakunywa hata tone. Alikinusa kikombe, akaenda akamwaga kwenye chungu cha maua."

"Kidevu alisema kwamba anamwaga?"

"Aseme na nani, yuko peke yake? Kinanda tu kilikuwa kinalia. Alimwaga polepole, pale karibu na pazia, kwenye yale ya njano. Na maua yakanyauka, mwanangu, kuanzia chini, moja moja, mpaka lile la juu kabisa."

Nilikunja mikono mapajani. Sikusema neno, na wanaonijua watakuambia kwamba haijawahi kutokea.

Mkamwana aliweka kiatu chini. Mwanangu aliinua kichwa, na akaongea kwa ile sauti anayoitumia akifungua friji la kigeni, asije akavunja kitu.

"Mama mkwe. Nani kakuambia maua yalinyauka?"

Mkono wa mkwe ukapanda kwenye miwani, ukaisukuma juu, ukashuka.

"Nilisikia."

"Ulisikia akimwaga?"

"Nilisikia akimwaga. Asiyeona Mungu humwongezea masikio."

"Sawa, mama," mkamwana akasema taratibu. "Kumwaga kuna sauti. Na maua?"

Mkwe akageuza uso kunielekea mimi, akanikata jicho, safari hii mbele ya watu.

"Na maua nayo," akasema. "Niliyasikia yakinyauka."